Usitupe redio kubwa ya zamani: Jinsi ya kuiunganisha na simu yako

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyumba nyingi za Wamagana na vijiji vingine vya Tetu, Kaunti ya Nyeri, kuna redio kubwa iliyowekwa kabatini na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Ni mtambo ulionunuliwa miaka ya themanini au tisini, mara nyingi kwa bonasi ya majani chai au malipo ya kahawa, na wakati huo ulikuwa fahari ya boma zima. Leo kazi yake ni kubeba picha za harusi. Sehemu ya kaseti imekwama, ile ya kuchezea CD haisomi tena, nao vijana wa nyumba hiyo husikiliza muziki kwenye simu ambayo spika yake ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Wenye nyumba wengi huamua kwamba redio ya namna hiyo imekufa, wakaiuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu au kuitupa, kisha wakatafuta mtambo mpya wa plastiki. Mara nyingi uamuzi huo huwa wa haraka. Kinachochakaa katika mitambo hii huwa ni sehemu zinazozunguka: mikanda ya mpira, mota ndogo na jicho la kusomea CD. Kikuza sauti pamoja na spika zake za mbao, ambavyo ndivyo vilivyogharimu pesa nyingi, huweza kudumu miongo kadhaa vikiwa vizima. Kinachokosekana ni kitu cha kuvilisha muziki, na kitu hicho tayari kimo mfukoni mwa kila mtu.

Kati ya simu na redio hiyo kunahitajika waya mmoja tu, ambao bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mtambo mpya. Hata hivyo, waya huo huo ukichomekwa mahali pasipofaa unaweza kuua simu, kupasua spika au, katika hali mbaya zaidi, kumfikishia mtu umeme wa volti 240. Ni vyema basi msomaji aelewe kinachotendeka ndani ya waya kabla ya kuunganisha chochote.

Muziki wa mtu mmoja

Tatizo la kuunganisha muziki wa mfukoni na mtambo wa sebuleni halikuanza na simu. Kampuni ya Philips ilizindua kaseti ndogo mwaka wa 1963. Mnamo 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, kifaa cha kwanza kilichowawezesha watu wengi kutembea na muziki wao masikioni. Oktoba 2001 kampuni ya Apple ilitangaza iPod, iliyodaiwa kubeba nyimbo 1,000 mfukoni, na ikaendelea kutengeneza vifaa vya jina hilo hadi 2022. Kufikia wakati huo, kazi yote hiyo ilikuwa imechukuliwa na simu ya mkononi.

Vifaa hivi vyote vina kasoro moja inayofanana: viliundwa kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja. Muziki wa nyumbani nao ni wa watu wengi. Katika eneo la Mlima Kenya, nyimbo za wanamuziki kama Joseph Kamaru, Daniel Kamau na Queen Jane zilisambaa kwa santuri na kaseti zilizonunuliwa katika barabara ya River Road jijini Nairobi, zikasikilizwa na jamii nzima iliyoketi pamoja. Kituo cha Kameme FM kilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka wa 2000, redio kubwa ya sebuleni ndiyo iliyokipokea katika nyumba nyingi. Kuunganisha simu na mtambo huo, kwa hivyo, ni kuurudisha muziki kutoka masikio mawili hadi chumba kizima.

Si kila tundu ni la kila waya

Sauti inaposafiri kwenye waya huwa imegeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Nguvu ya umeme huo hutofautiana sana kutoka kifaa kimoja hadi kingine, na hapo ndipo penye siri ya kazi hii yote. Mkulima anayenyunyizia shamba lake maji kwa mfereji anaelewa jambo hili bila kufundishwa: bomba jembamba la bustani haliunganishwi na bomba kuu la mradi wa maji bila kupasuka.

Kuna viwango vinne vya kukumbuka.

Cha kwanza ni kiwango cha maikrofoni na cha sindano ya santuri. Hiki ni kidogo mno, kwa kawaida milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za volti. Kwa hivyo tundu lililoandikwa MIC au PHONO lina kikuza sauti cha ziada nyuma yake, ili kuinua mnong'ono huo.

Cha pili ni kile kiitwacho kiwango cha laini, ambacho ndicho lugha ya pamoja ya vifaa vya muziki vya nyumbani. Hukadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya volti, ingawa baadhi ya vifaa vya CD hufikia volti 2 kwenye vilele vya sauti. Matundu yaliyoandikwa AUX, LINE IN, CD, TAPE IN au TUNER yote hupokea kiwango hiki.

Cha tatu ni kiwango cha hedifoni, yaani kile kinachotoka kwenye tundu la simu la kusikilizia. Simu nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti moja sauti ikiwa juu kabisa. Kiwango hiki kinakaribiana vya kutosha na cha laini, na ndiyo sababu simu na tundu la AUX huelewana bila mkalimani.

Cha nne ni kiwango cha spika. Kikuza sauti kinachotoa wati 50 kwa spika ya omu 8 huwa kinasukuma takribani volti 20. Nguvu hiyo ni zaidi ya mara 50 ya kiwango cha laini. Anayechukua waya kutoka nyuma ya mtambo, pale panapofungwa nyaya za spika, na kuuchomeka kwenye simu, anaipeleka simu yake kaburini.

Kutokana na viwango hivyo tunapata kanuni moja rahisi: simu huchomekwa kwenye AUX au tundu lolote la laini, haichomekwi kamwe kwenye matundu ya spika, na haifai kwenye MIC wala PHONO. Kwenye MIC sauti hukwaruza na kupasuka kwa sababu imekuzwa kupita kiasi. Kwenye PHONO mambo huwa mabaya zaidi, kwani sehemu hiyo huongeza besi na kupunguza sauti nyembamba kwa makusudi, ili kusawazisha namna santuri zilivyochongwa. Muziki wa simu ukipitia humo hutoka ukiwa mzito na wenye ukungu, hata sauti ikishushwa.

Kulitafuta tundu

Zungusha mtambo utazame mgongo wake kwa tochi. Mitambo mingi iliyotoka Japani na kwingineko barani Asia huwa na matundu ya mviringo yaliyopangwa mawili mawili, moja jekundu na jingine jeupe au jeusi. Jekundu ni la upande wa kulia, jeupe ni la kushoto. Likiwepo la manjano, hilo ni la picha za runinga na halihusiani na muziki.

Soma maandishi yaliyo juu ya kila jozi. Neno IN lina maana kwamba sauti huingia mtamboni. Neno OUT lina maana kwamba sauti hutoka. Makosa mengi hutokea hapa. Mtambo wenye TAPE IN na TAPE OUT ulikusudiwa kaseti ya nje iweze kuchezwa na kurekodiwa, kwa hivyo simu inayochomekwa kwenye OUT haitatoa sauti yoyote hata mtu akiongeza hadi mwisho. Kwenye baadhi ya mitambo, maandishi PLAY husimamia IN, na REC husimamia OUT.

Redio nyingi za miaka ya hivi karibuni, na zile zinazoitwa woofa, zina tundu moja dogo la AUX upande wa mbele lenye upana wa milimita 3.5, sawa kabisa na lile la simu. Lisichanganywe na tundu linalofanana nalo lenye mchoro wa hedifoni, ambalo ni la kutoa sauti.

Mitambo ya zamani kutoka Ulaya, hasa ya Philips na Grundig, huenda ikawa na tundu kubwa la mviringo lenye vishimo vitano vilivyopangwa nusu duara. Hilo pia linaweza kutumika. Kuna waya maalumu wenye pini tano upande mmoja na vichwa vya rangi upande wa pili, na mafundi wa redio wazoefu wanajua kuutengeneza.

Kuhusu mlango wa USB unaopatikana kwenye mitambo mipya, kwa kawaida huo hupokea kijiti cha kuhifadhia nyimbo wala si simu. Simu ikichomekwa hapo, mara nyingi hupata chaji tu na muziki hausikiki.

Waya unaofaa

Waya wa kununua kwa ajili ya mtambo wenye matundu ya rangi ni ule wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja, na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Kwa redio yenye AUX ndogo, nunua wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili.

Kabla ya kulipa, itazame pini kwa makini. Ina mistari myeusi inayoizunguka. Mistari miwili huigawa pini katika sehemu tatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, pete hubeba ya kulia, na shina ni njia ya kurudia umeme. Huo ndio waya unaotakikana. Pini yenye mstari mmoja ni ya sauti ya upande mmoja tu, na ikiingizwa kwenye simu huunganisha sauti ya kulia na njia ya kurudia, jambo lisilofaa kwa simu. Pini yenye mistari mitatu ina sehemu ya nne ya maikrofoni.

Jihadhari hasa na waya wenye vichwa vitatu vya rangi, nyekundu, nyeupe na manjano. Huo uliundwa kwa kamera na vicheza-video, na mpangilio wake wa ndani mara nyingi hauafikiani na simu. Wengi wameununua wakidhani rangi nyingi ni ubora, kisha wakapata sauti ya upande mmoja au mvumo mtupu.

Urefu wa mita moja au mbili unatosha kwa sebule ya kawaida. Waya mwembamba kupita kiasi hukatika ndani ya ngozi yake karibu na pini, na dalili yake ni sauti inayokuja na kutoweka unapoutingisha.

Hatua kwa hatua

Zima mtambo kwanza. Kuchomeka waya redio ikiwa imewashwa hutoa mshindo mkali unaoweza kuumiza spika.

Shusha sauti ya mtambo hadi sufuri. Chomeka vichwa vya rangi kwenye AUX, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Kisha chomeka pini kwenye simu mpaka isikike ikijifunga.

Washa mtambo na uchague AUX kwa kitufe au swichi ya mbele. Wengi husahau hatua hii, wakaendelea kuulaumu waya ilhali redio ingali inasubiri kaseti.

Anzisha wimbo na upandishe sauti ya simu hadi karibu robo tatu au zaidi kidogo. Kisha ongeza sauti ya mtambo polepole hadi ifikie kiwango unachopenda. Mpangilio huu una maana. Simu ikiwa chini mno, mtambo hulazimika kukuza hata mnong'ono wa waya wenyewe, nawe utasikia mchakacho nyuma ya wimbo. Simu ikiwa juu kabisa, baadhi yake huanza kukwaruza kabla sauti haijaondoka mfukoni.

Zima vitu vya kuongeza besi vilivyomo ndani ya simu na utumie vya mtambo. Vikitumika vyote viwili, besi hukuzwa mara mbili na spika ya mbao hupiga kelele isiyo na umbo.

Ubora wa wimbo nao usisahaulike. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti moja kwa kila dakika, na kwenye spika ya simu haina tofauti kubwa na iliyo bora zaidi. Kwenye spika kubwa, kasoro zake hujianika. Wimbo uliotumwa na kutumwa tena kwa njia ya mtandao, ukibanwa kila mara, hauwezi kuponywa na mtambo wowote.

Simu isiyo na tundu

Tangu Apple ilipotoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni mwaka wa 2016, watengenezaji wengine wengi wamefuata njia hiyo. Mwenye simu ya namna hiyo ana njia mbili.

Ya kwanza ni adapta ndogo inayochomekwa pale pa kuchajia na kutoa tundu la milimita 3.5. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Baadhi ya simu hutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la chaji, na hizo hutosheka na adapta ya kawaida isiyo na chochote ndani. Nyingine hutoa tarakimu tupu, na huhitaji adapta yenye kijisehemu cha kuzigeuza tarakimu hizo kuwa sauti. Adapta inayofanya kazi kwenye simu ya jirani huenda isifanye kazi kwenye yako. Ijaribu dukani, ukiwa na simu yako mkononi, kabla ya kulipa.

Njia ya pili ni Bluetooth. Kuna vipokezi vidogo vinavyotumia umeme wa volti 5, sawa na wa chaja ya simu, ambavyo hupokea muziki bila waya na kuupeleka kwenye AUX ya mtambo. Uwezo wake kwa kawaida ni takribani mita 10, na hupungua panapokuwa na ukuta wa mawe. Faida yake ni kwamba simu hubaki mkononi. Hasara yake ni kwamba kila simu inayolia katikati ya wimbo hukatiza burudani ya wote, kama ilivyo pia kwa waya.

Redio isiyo na AUX

Zipo redio zisizo na mlango wowote wa kuingizia sauti. Ikiwa sehemu yake ya kaseti ingali inazunguka, tafuta adapta yenye umbo la kaseti, iliyo na waya unaotoka ubavuni. Ndani yake mna kichwa cha sumaku kinachogusana na kile cha redio na kukipa muziki wa simu, nacho hudhani kinasoma utepe. Kisafishe kwanza kichwa cha redio kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, kisha ukiache kikauke.

Njia nyingine ni kirushio kidogo cha FM, ambacho hutuma muziki wa simu kwa masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108. Chagua pahali penye ukimya kwenye mita ya redio, mbali na vituo vinavyosikika katika eneo lako. Sauti yake haifikii ubora wa waya. Isitoshe, kirushio chenye nguvu za kufika kwa majirani si kitu cha kuchezea, kwani matumizi ya masafa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Baadhi ya mafundi hufungua redio na kuunganisha waya wa AUX moja kwa moja kwenye kidhibiti cha sauti. Mbinu hii hufaulu, ila si ya kujaribiwa na asiyejua. Redio fulani za zamani hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na bamba la chuma la ndani. Katika redio kama hizo, bamba lenyewe huweza kuwa na volti 240, na waya wa AUX utakaounganishwa nalo utaufikisha umeme huo hadi kwenye simu na mkono unaoishika. Kadhalika, ndani ya vikuza sauti mna vihifadhi-umeme vinavyobaki na nguvu hata baada ya waya wa stima kuchomolewa. Mpelekee fundi anayejua, na umwulize wazi iwapo redio yako ina transfoma. Kuuliza si ujinga.

Mvumo unatoka wapi?

Malalamiko yanayosikika sana baada ya kuunganisha ni mvumo mzito usiokoma. Jaribio la kwanza ni kuchomoa chaja. Mvumo ukitoweka, chaja ndiyo yenye makosa: chaja duni huruhusu umeme mchafu kupenya hadi kwenye waya wa sauti. Tumia chaja bora au ucheze muziki kwa betri.

Ukibaki, hakikisha kila kichwa kimeingia barabara, kisha jaribu waya mwingine. Sogeza waya wa sauti mbali na nyaya za stima. Sauti ikitoka upande mmoja tu, badilisha vichwa vya rangi: upande ulionyamaza ukihama pamoja na waya, tatizo li kwenye waya au simu, usipohama, tatizo li ndani ya mtambo au spika yake.

Katika majira ya mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, na ya mvua fupi, kuanzia Oktoba hadi Desemba, chomoa mtambo kutoka ukutani radi inapoanza. Simu iliyounganishwa na redio, na redio iliyounganishwa na stima, ni mnyororo mmoja. Vivyo hivyo stima inapopotea: zima swichi ya ukutani, kwani umeme hurejea mara nyingine kwa kishindo.

Wenye hoteli, baa na maduka wakumbuke pia kwamba kuchezea wateja muziki si sawa na kuuchezea nyumbani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, biashara huhitaji leseni, na mashirika yanayokusanya mirabaha ya wanamuziki huidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Waya huo huo, njia ya kurudi

Kuna sababu moja zaidi ya kutoiuza redio hiyo. Katika nyumba nyingi zenye redio kubwa pia kuna katoni ya kaseti chini ya kitanda: si za kununuliwa pekee, bali zilizorekodiwa nyumbani. Humo mna sauti za ruracio, harusi, ibada za mazishi na wazee waliosimulia mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Utepe wa kaseti hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na kaseti ya aina hiyo haina nakala nyingine popote duniani.

Ikiwa sehemu ya kaseti ya mtambo inaweza kukarabatiwa, na mara nyingi mkanda mpya wa mpira hutosha, basi waya wa vichwa vya rangi huweza kutumika kinyume. Uchomeke kwenye LINE OUT, TAPE OUT au REC, kisha upande wa pili kwenye tundu la LINE IN la tarakilishi. Vipakatalishi vingi havina tundu hilo, vina la maikrofoni tu. Kwa hivyo tafuta kijisanduku cha sauti cha USB chenye LINE IN. Programu ya Audacity, inayopatikana bila malipo tangu 2000, hutosha kurekodi.

Jaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani, ili kuhakikisha kwamba mtambo hautafuni utepe. Vunja vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ya thamani, ili isifutwe kwa bahati mbaya. Kisha uwe na subira, kwani kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kunakiliwa. Hifadhi kwa muundo wa WAV, ambao huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika, na uweke nakala mahali pawili tofauti.

Kazi kama hiyo imekwisha kuonyesha matunda yake. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, alifariki Oktoba 3, 2018. Mjukuu wake, mwanamuziki ajulikanaye kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwa njia ya dijitali, na hivyo zimewafikia wasikilizaji ambao hawajawahi kuishika kaseti.

Nyimbo za msanii mashuhuri huenda zikapata wa kuziokoa. Sauti ya nyanya akiimba kwenye harusi ya mwanawe mwaka wa 1986 haina mwokozi mwingine ila mwenye katoni ile na mwenye mtambo wa kuichezea. Anayefunua kitambaa ili kuchomeka simu yake, na atazame pia chini ya kitanda.